Nimhame daktari au nikae?

Daftari la hospitali liko mezani toka jana usiku. Wale wa Uganda mnajua, ukienda kliniki unabeba kidaftari chako kama mtoto wa shule, daktari anaandika humo humo unarudi nacho nyumbani. Langu jalada la nyuma lina tebo za kuzidisha na nimekaa foleni mara nyingi mpaka tebo ya saba iliyonishinda shuleni sasa naijua kichwani.

Miaka minne ya ndoa, mtoto bado. Hapa Bombo wazee wa Kinubi bado wananiita bi harusi, mwanzoni nilikuwa nachekelea, sa hivi natamani mtu aniite jina langu tu.

Daktari wangu si mtu mbaya, nianzie hapo. Ndiye aliyemzalisha dada yangu mapacha, usiku, mvua, umeme umekatika, na mama mpaka leo akimtaja anaweka mkono kifuani. Kwa hiyo kumhama ni kama nawaaibisha ukoo mzima. Nimemfuata Kampala mwaka mzima na zaidi, taksi mpaka mjini, ile jam ya Kawempe mnaijua, na mvua ikinyesha Bwaise ndo usiseme.

Sasa shida imeletwa na binamu yangu wa Mbarara, yuko maabara. Alikuja Idi, tukala, tukanywa chai, akaomba aone daftari. Akafungua, akafungua, kisha akaniuliza mzunguko wako ni wa siku ngapi? Nikamwambia 35, toka niko sekondari. Akanyamaza. Akaweka kidole kwenye karatasi: kipimo cha projesteroni, ile homoni inayoonyesha kama yai limetoka, siku ya 21. Akageuza, siku ya 21. Akageuza tena, siku ya 21. Mara tatu, na chini kila mara imeandikwa yai halijatoka.

Akanieleza polepole. Kile kipimo kinachukuliwa kama wiki moja kabla ya hedhi, kwa mwanamke wa siku 28 ndo inaangukia 21, ila mimi wa 35 nilipaswa kupimwa kwenye siku ya 28 huko, manake siku ya 21 yangu yai labda ndo kwanza linatoka. Kwa hiyo yale majibu matatu hayasemi kitu. Na kwa majibu hayohayo nimemeza klomifeni, vidonge vya kusukuma yai litoke, siku tano kila mwezi, mizunguko mitano, na joto la ghafla, na siku moja nililia kabisa kwa sababu posho, yaani ugali, imeungua.

Kosa ni la daktari peke yake? Nimejiuliza sana. Siku ya kwanza aliniuliza hedhi inakuja vizuri, nikajibu vizuri kabisa, na kweli inakuja kama saa, kila siku ya 35 iko mlangoni. Hakuuliza zaidi na mimi sikusema zaidi, nje foleni imejaa. Hilo ningelisamehe. Linalonikaa rohoni ni mwezi uliopita, nilimuuliza daktari, na mume wangu je? Akacheka, tumalize na wewe kwanza nyabo. Wakati tunaambiwa karibu nusu ya wanaohangaika hivi upande wa mwanaume nao unakuwa na mchango, na kipimo cha mbegu ni kujizuia siku mbili mpaka saba halafu kikopo, basi, niliulizia bei, ni chini ya utrasaundi yangu moja. Eksirei ya mirija ya uzazi, kuona kama imeziba, nayo hakuna aliyeitaja.

Mwenzangu kazini ananisukuma niruke moja kwa moja kwa wale wanaopandikiza mimba, IVF, ati Uganda toka 2004 watoto wanazaliwa hivo. Ni kweli, lakini bei yake ni ya kiwanja, na mimi hata mirija yangu sijui kama iko wazi. Mama naye anasema mwanangu usirukeruke, mganga huzoea mgonjwa wake. Mama mkwe hasemi, analeta majani tu kwenye chupa ya soda.

Na Agosti natimiza 35. Chini ya hapo wanasema jaribuni mwaka ndo mje kupimwa, ukifika 35 inakuwa miezi sita. Yaani adabu yangu inanila miezi.

Juzi nikampa mume wangu daftari. Niliogopa, si unajua wanaume na mambo haya. Alisoma kwa tochi ya simu mpaka mwisho, akauliza tu, mbona jina langu halimo? Asubuhi akatoka akarudi na maandazi na daftari jipya, akaandika jina lake juu kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Basi Jumatatu tunaenda wote wawili kwa daktari mwingine Wandegeya, mama mmoja ambaye kwenye simu swali lake la kwanza lilikuwa mzunguko wako ni siku ngapi.

Ikabaki kumwambia huyu wa zamani, nina apoitimenti yake Alhamisi. Kupiga nikashindwa. Nikaandika meseji, nikafuta, nikaandika tena, nikamshukuru kwa mapacha wa dada, nikasema Alhamisi sitakuja, nimeamua kuona daktari mwingine, naomba asinielewe vibaya.

Akajibu kidole gumba.

Wiki mbili silali, kumbe nasubiri kidole gumba.