403 kwenye seva mpya, nilivyoitoa bila chmod 777

Nilihamishia tovuti ya duka moja kwenye seva mpya ya Ubuntu 22.04, mafaili nikayaweka /home/duka/tovuti, kufungua kwenye brauza 403 (yaani seva inakataa kukuonyesha ukurasa). Naingia kwa SSH kama yuza duka, nasoma ileile index.html inasomeka fresh tu. Jamaa niliyekuwa naye akasema piga chmod -R 777 (kila mtu asome, aandike na kurun kila kitu) kuanzia home, yaani /home/duka, tulale. Nikagoma, maana kwanza kila programu kwenye seva inapata ruhusa ya kuandika humo, pili SSH ikikuta home yako inaandikwa na kila mtu inaanza kukataa funguo zako, unajifungia nje mwenyewe 😂

Sasa wakuu, kompyuta haikujui wewe. Anayeomba ruhusa ni programu inayorun, na keneli (kiini cha mfumo) inaangalia UID, yaani namba ya yuza, na makundi ya hiyo programu. Anayetoa kurasa hapa ni Nginx, nikapiga ps aux | grep nginx, woka zake (prosesi zinazohudumia wageni) zinarun kama yuza www-data. Kwahiyo mimi kusoma faili nikiwa duka hakuthibitishi chochote kuhusu Nginx.

Afu kinacholindwa siyo lile faili peke yake, kila folda njiani nayo inakaguliwa, usipokuwa na x (ruhusa ya kupita) kwenye moja tu huvuki hata kama faili lenyewe liko wazi kwa wote. Hapo namei -l /home/duka/tovuti/index.html ndo mkombozi (sijui kwanini watu hawaizungumzii hii komandi), inakupangia njia nzima mstari kwa mstari, nani mwenyewe na ruhusa zipi. Faili -rw-r--r--, tovuti drwxr-xr-x, poa, ila duka imesimama drwxr-x---, zile --- za mwisho ni za watu wengine, na www-data yumo humo, hana hata x. Tangu Ubuntu 21.04 home ya yuza mpya inakuja na 750 (ndo hiyo drwxr-x---), zamani ilikuwa 755 (drwxr-xr-x), ndo maana kwenye seva ya zamani mambo yalikuwa yanaenda tu.

Dawa ikawa setfacl, inayompa yuza mmoja tu ruhusa ya ziada:

sudo setfacl -m u:www-data:x /home/duka

x peke yake, hakuna r (kusoma), yaani www-data apite ila asichungulie kuna nini humo. Ukipiga ls -ld unaona alama ya + mwishoni. Folda ya picha tu ndo nikampa rwx (w ni kuandika) maana PHP, lugha inayoendesha hilo duka, nayo inarun kama www-data na inapokea picha za bidhaa.

Kutesti usitumie yuza wako. Nilipiga sudo -u www-data cat kwa index.html ikasoma, afu sudo -u www-data ls /home/duka ikaniletea Permission denied, safi, ndo nilichokuwa nataka.