Siku yangu moja mezani pa nishani za ushujaa, Sofia

Saa moja asubuhi
Tramu imejaa na baridi haina huruma. Kifungua kinywa ni banitsa ya moto, andazi la tabaka lenye jibini, na ayran, mtindi wa kunywa; ninakula nikiwa nimesimama kama kila mtu hapa. Nilikuja Bulgaria kusoma, nikabaki, na sasa kazi yangu ni kupima nishani katika duka la vitu vya kale. Mwenyewe ninakusanya pia, ila misalaba ya ushujaa tu. Ndugu zangu Tanga hawaishi kunicheka: mtu mzima anahangaikia vyuma vya vita vya watu wengine!

Saa mbili
Kabla ya duka napitia soko la vitu vya kale karibu na kanisa kuu la Aleksandar Nevski. Wauzaji wanapanga sanamu za watakatifu, kofia za Kisovieti na beji za Kijerumani zilizotengenezwa juzi zikachovywa kwenye tindikali ili zionekane zimekula miaka. Leo hakuna cha kununua. Muuzaji mmoja ananionyesha msalaba "wa 1879, wa vita vya Slivnitsa". Slivnitsa, vita vya Bulgaria na Serbia, ilipiganwa Novemba 1885. Mwaka 1879 umeandikwa tu kwenye toleo la kwanza, hausemi mwenyewe alipewa lini; hata 1915 ulioandikwa kwenye misalaba ya Vita vya Kwanza vya Dunia haubadiliki, ingawa waliendelea kuitoa mpaka 1918. Toleo jingine lina 1941. Anayekuuzia mwaka wa toleo kama mwaka wa vita, ama hajui au anajua sana.

Saa tatu na nusu
Dukani. Mwenye duka, tunayemwita bai, yaani mzee, amenisubiri na kifurushi kutoka kwa familia ya Kijerumani. Ndani kuna pini ndefu yenye tepe zilizopangwa sambamba: Msalaba wa Chuma wa Kijerumani, na pembeni yake msalaba mweupe wa enameli wenye panga mbili zilizopishana na simba mwenye taji katikati. Utepe wake ni wa samawati na mistari ya fedha kando kando. Huu ni wa Nishani ya Ushujaa ya Bulgaria, ile aliyoianzisha mtawala Alexander wa Battenberg tarehe 1 Januari 1880.

"Feki," anasema bai. "Tazama simba. Huyu si simba wetu."

Kweli, simba ana kiuno chembamba na mkia umekunjwa kivingine. Lakini Bulgaria iliingia vitani Oktoba 1915 upande wa Ujerumani, na maofisa wengi wa Kijerumani walitunukiwa. Rubani Manfred von Richthofen alikuwa nao. Ofisa aliyetaka msalaba wa pili wa kuvaa, au aliyepoteza wa kwanza, alikwenda kwa sonara wake Berlin. Kwa hiyo simba wa ajabu si ushahidi wa kughushi. Huenda ni mkono wa sonara mwingine tu.

Naweka kioo cha kukuzia mara kumi. Enameli ya kweli ni kioo kilichoyeyushwa: ikivunjika, ukingo wake unang'aa na ni mkali. Ile ya kisasa ya rangi ya plastiki humenyeka kama ukucha. Hapa, kwenye mkono wa chini, kipande kidogo kimeruka, na shimo lake linang'aa kama kigae cha glasi. Chini yake chuma kina mikwaruzo midogo iliyochongwa makusudi ili enameli ishike. Lihamu ya panga ni safi, imefanywa na mtu mwenye subira. Msalaba uliosubiwa, yaani uliomiminwa kwa chuma kilichoyeyushwa, kwa kuiga mwingine huwa mdogo kidogo kuliko mama yake, kwa sababu chuma hunywea kikipoa, tena una vishimo vya mapovu. Huu umepigwa kwa chapa, kingo zake zimenyooka.

Nyuma ya pini, kitambaa kimefifia mbele tu. Upande ulioelekea koti rangi yake bado ni mbichi. Nyuzi za kushonea hazing'ai chini ya taa ya urujuanimno. Nyuzi za kisasa kwa kawaida huwaka buluu nyeupe. Ila utepe wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya leo nao huwaka, kwa hiyo taa peke yake haitoi hukumu.

Saa tano
Anaingia bibi mmoja na sanduku la biskuti. Ndani kuna Msalaba wa Askari, ule wa watu wa vyeo vya chini. Mfumo wake ni rahisi: daraja la kwanza na la pili ni za rangi ya dhahabu, la tatu na la nne za fedha; la kwanza na la tatu zina fundo la utepe. Wa bibi ni wa fedha na una fundo, basi ni daraja la tatu.

Nainua fundo kwa kibano. Utepe chini yake umepauka sawasawa na wa pembeni; kama fundo lingekuwapo tangu mwanzo, ungekuwa na kivuli cha rangi mbichi.

"Bibi, msalaba ni halali kabisa. Fundo limeongezwa baadaye."

Anakunja uso. "Mwanangu, babu yangu hakuwa mtu wa kujipandisha cheo."

"Huenda ni dalali, bibi."

Nimemwandikia jina la hifadhi ya nyaraka za kijeshi iliyoko Veliko Tarnovo. Kama amri ya kumtunuku ipo, itasema daraja lake, na ugomvi wetu utaisha.

Saa nane
Supu ya maharage haraka haraka, halafu karatasi. Dalali ameleta msalaba na cheti chake, bei yake inanipa kizunguzungu. Cheti kina tarehe 7 Aprili 1916. Siku hiyo haikuwapo! Bulgaria iliachana na kalenda ya zamani mwaka ule: baada ya 31 Machi ikafuata 14 Aprili. Hata hivyo karani aliyefanya kazi na Wajerumani, waliotumia kalenda mpya tayari, angeweza kuchanganya, kwa hiyo nikasoma maneno. Hakuna herufi ѣ hata moja, wala ile ъ isiyotamkwa mwishoni mwa maneno, zote za tahajia ya zamani ya Kibulgaria. Ziliondolewa rasmi 1945. Ziliwahi pia kuondolewa kwa muda mfupi 1921 zikarudishwa 1923. Cheti cha 1916 bila hizo herufi, chenye siku ambayo haijawahi kuwapo: kirudi kwa mwenyewe.

Saa kumi na moja
Picha za simu kutoka kwa wanunuzi. Zote zina mwanga mbaya. Najibu ileile: piga nyuma, piga ukingo, weka rula.

Saa kumi na mbili jioni
Bai anataka lebo ya msalaba wa Bulgaria uliotoka kwa familia ya Kijerumani iandikwe "halisi", na bei yake ipande. Naandika: "Kazi ya sonara binafsi, inaelekea Ujerumani, kipindi cha vita vya 1915 hadi 1918, enameli imeruka mkono wa chini."

"Maneno mengi hivyo hayauzi," anasema.

"Mzee, ndiyo ya kweli."

Anapunguza bei kwa kalamu, huku akinitazama kama mwizi, kisha anafunga kabati.