Siku moja maishani mwangu: pasi, makaa na picha ya mama wa mtu

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni kuhamishia picha kwenye foronya kwa pasi. Kabla ya chai nafua kitambaa. Pamba nyeupe niliyonunua jana Birere bado ina wanga wa kiwandani, na picha haishiki juu ya wanga. Sabuni ya kawaida inatosha. Dawa ya kulainisha nguo siweki kabisa. Naanika ndani, maana huku kwetu Goma vumbi la makoro, yale mawe meusi ya volkano, halina adabu: punje moja nyeusi ikinaswa chini ya picha, itakaa pale kama chunjua.

Saa 2. Anaingia mama mtu mzima na bahasha. Ndani mna picha ya marehemu mama yake, kona moja imekunjika. Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipoingia mjini, alikimbia na mtoto mgongoni na picha hii ndani ya Biblia. Nyumba ilibaki chini ya mawe. Sasa anataka foronya.

"Mtoto wangu, utabandika hii yenyewe?"

"Hapana, Mama! Hata kuishika naogopa."

Naiweka karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, naipiga kwa simu bila flashi, mara nne, kisha namrudishia palepale. Sitaki ilale kwangu hata usiku mmoja.

Saa 4. Kwenye duka la kuchapisha nauliza kwanza kama mashine ni ya wino wa maji. Karatasi yangu ya transferi, ile inayohamishia picha kwenye kitambaa, ni ya wino wa maji; ukiitia kwenye mashine ya leza, joto la ndani linaiyeyusha na utalipa mashine ya watu. Halafu nageuza picha, kushoto iwe kulia. Mwaka jana nilisahau, jina la bibi harusi likasomeka kinyumenyume kwenye mito sita. Ile hasara niliibeba mwenyewe.

Saa 6. Umeme umekwenda. Sisikitiki sana, nina pasi ya makaa, na pasi ya makaa haina mvuke. Mvuke ndio unaoharibu kazi hii. Tabu yake ni majivu, kwa hiyo naipuliza nje, napangusa tako lake, najaribu joto kwenye kipande cha taka. Chini naweka ubao mtupu: ukiweka blanketi, blanketi linakula nguvu ya mkono. Juu ya ubao kitambaa, juu ya kitambaa karatasi, picha ikilala kifudifudi. Nagandamiza kwa uzito wa mwili wote, nahesabu polepole, nanyanyua, nasogea pengine. Sikokoti pasi kama ninayenyoosha shati, picha ingevutika. Kingo nazirudia, maana zinabanduka kwanza. Kisha nangoja ipoe. Karatasi nyingine hubanduliwa ingali moto. Hii yangu ni ya baridi, imeandikwa kwenye pakiti. Navuta kona taratibu, nimebana pumzi. Jicho la kushoto limetoka. La kulia pia. Hata lile kunjo la kona limekuja, nikaliacha.

Saa 9. Cherehani. Zipu, mishono minne. Mishono naipiga pasi kwa nyuma tu.

Saa 11. Mama amerudi. Anaiangalia kimya, kisha anaikumbatia kifuani. Namwambia: usiifue leo wala kesho. Ukifua, igeuze ndani nje, maji baridi, bila Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, usiikamue, anika kivulini. Pasi isiguse uso wake. Ikibidi, weka katikati karatasi ya kuokea mikate. Na ukiitunza kabatini usiikunje picha kwa picha, zitagandana.

"Na nikipaka mafuta kichwani?"

"Mafuta yataichosha, Mama."

"Kumbe ni mto wa kuangalia, si wa kulalia."

Tukacheka. Amelipa nusu, nyingine Jumamosi. Mlangoni akageuka: dada yake aliye Bukavu naye atataka.

"Ile picha iko bado kwenye simu?"

"Iko."

"Basi usiifute."

Nikatoka kumwaga majivu.