Siku moja maishani mwangu: napanga ofisi za watu wanaofanya kazi kwa kufikiri

Saa 1 asubuhi. Nipo Mikocheni, ghorofa ya tatu. Ofisi bado tupu, hivyo nalifuata jua. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huingia chini chini hadi kwenye kioo cha kompyuta, na kibaraza cha kivuli kilicho juu ya dirisha hakilizuii. Upande wa kaskazini na wa kusini kibaraza kifupi kinatosha. Basi meza zote zinahamia kaskazini, mashariki nitaweka jiko na stoo.

Saa 3. Wafanyakazi wameingia: watengeneza programu, wachoraji, wahariri. Nakaa pembeni na daftari. Ukitaka kujua ofisi imekosa nini, angalia watu wanapokelea wapi simu. Hapa wanakimbilia kwenye ngazi. Dada mmoja mhariri amevaa spika za masikioni na hazina muziki. Anajikinga na maongezi ya jirani. Mlio wa pangaboi mtu huuzoea. Maneno yanayosikika vizuri ndiyo yanayomtoa kwenye sentensi yake.

Saa 5. Kikao na mkurugenzi. Anataka ukumbi mmoja usio na ukuta, ili watu wazungumze zaidi. Namweleza utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa mwaka 2018: makampuni mawili makubwa yalibomoa kuta, na mazungumzo ya ana kwa ana yakapungua kwa takriban asilimia 70. Barua pepe zikaongezeka.

“Sasa dada, unataka niwafungie vyumbani?”

Hapana. Naomba vibanda vya simu, chumba cha kimya ambacho simu haziingii, na baraza pana karibu na birika la chai. Watu waonane wanapotaka kuonana. Kibanda cha simu amekubali. Chumba cha kimya anakiona ni anasa. Sitakiacha, maana ndicho moyo wa mradi.

Saa 8 mchana. Keko, kwa fundi seremala.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu, njoo uone.”

Paneli za ukutani ziko tayari: fremu ya mbao, ndani tabaka nene la usumba wa nazi, ambao hunywa sauti vizuri sana. Lakini moja ameifunika kwa ngozi bandia kwa sababu inafutika vumbi. Nachukua kipande chake, nakiweka mdomoni, napuliza: pumzi haipiti. Nachukua kitambaa cha pamba, napuliza, pumzi inatoka upande wa pili. Pasipopita pumzi, sauti nyingi nayo itagonga na kurudi. Mzee anajaribu mwenyewe, anacheka, anaanza kung'oa pini.

Saa 2 usiku. Nachora upya. Chumba cha kimya nimekisogeza katikati ya meza na jiko, ili kuta zake zikinge kelele za vikombe pia. Kesho mkurugenzi atakiona kwenye ramani kikifanya kazi mbili kwa gharama moja.