Jinsi nilivyofanikiwa kuziona seli T zikifuata kemokini

Jaribio langu lilishindwa mara tatu mfululizo. Nilitaka kushuhudia mwenyewe tulichofundishwa darasani: seli T za damu, ambazo ni seli za kinga, zikiitikia CCL21, kemokini (protini ndogo ya kuelekeza seli) inayoziita ziingie kwenye tezi za limfu. Kifaa ni kikombe kidogo chenye kitako cha utando wa vitundu vya mikromita 5, kinachokaa ndani ya kisima. Seli T ina upana wa mikromita 7 hivi, kwa hiyo haidondoki tu, lazima ijibane ipite. Unaweka seli juu, kemokini chini, unasubiri saa mbili kwenye nyuzi 37, kisha unahesabu zilizovuka. Kila nikihesabu, kisima cha kemokini kilikuwa sawa na kile kisicho nayo.

Nilishuku seli. Nikatumia damu mpya, nikapima kipokezi CCR7 ambacho ndicho seli huitambulia CCL21. Kilikuwepo tele.

Ndipo dada mmoja mzoefu wa maabara akaniuliza, “Mdogo wangu, albumini umetia?” Sikutia protini hiyo, ambayo huifunika plastiki kwanza. Kumbe bila hiyo, kemokini ikiwa kidogo vile hunata kwenye plastiki, chini nilikuwa nimebakiwa na maji karibu matupu.

Kunata huko kulinishughulisha akili siku nzima, maana mwilini ndiko kunakoifanya CCL21 ifae. Ina mkia mrefu wenye chaji chanya, nao hushika sukari zilizotanda ukutani mwa vishipa vya tezi. Ingekuwa inaelea, damu ingeisomba. Seli T ikifika pale, selektini, protini za kushikia kidogo, huipunguza kasi, inabingirika ukutani, inagusa CCL21, integrini zake, protini za kushikia kwa nguvu, zinakaza, inasimama. Halafu inajipenyeza ndani.

Nikatia albumini asilimia 0.5. Safari hii zilivuka nyingi mpaka nikarudia kuhesabu kwa furaha.

Lakini swali likabaki: je, zinafuata njia, au kemokini imezichangamsha tu zikazurura? Nikaandaa kisima cha tatu, kemokini kiasi kilekile juu na chini. Zilizovuka zikapungua sana. Seli zilikuwa zinafuata tofauti ya wingi, kutoka kwenye kidogo kwenda kwenye nyingi, na pakiwa sawa pande zote hazina pa kuelekea. Ukilifanya jaribio hili, kisima hicho usikiruke hata kama unabana matumizi ya kemokini.