Baridi ya Machi

Juzi kijana wangu alirudi shule, akaitupa sweta yake mapajani mwangu kama mtu anayekukabidhi samaki aliyeoza, akaelekea chumbani kulala mpaka magharibi. Amefunga. Huu ni mwaka wake wa pili kufunga na hataki kusikia habari ya kuacha hata siku moja. Mlangoni akageuka.

"Baba, na nyinyi mlikuwa mwavaa?"

Nikamwambia alale.

Nilibaki na ile sweta. Sikuinusa kwa kupenda, iliniingia yenyewe: sufu iliyolowa jasho ikakauka, ikalowa tena ikakauka, harufu ya mbuzi aliyenyeshewa na vumbi la chaki juu yake. Nikahesabu. Ramadhani huzunguka mwaka mzima na baada ya miaka 33 hivi hurudi pale pale ilipokuwa. Ya 1993 iliangukia Machi, nami nilikuwa darasa la sita.

Mama mnamjua, basi sirudii. Na habari za baba na vibarua vya bandarini, wiki ina meli wiki haina, nimezisimulia mpaka mmechoka.

Nyinyi mlioko Mombasa sina haja ya kuwaeleza Machi. Kaskazi imeshachoka, kusi haijaja, upepo umekufa kabisa; ndiyo maleleji hayo wasemayo wazee. Mchana joto hufika nyuzi 33, na hizo ni za kivulini. Unyevu ndio unaommaliza mtu, maana jasho halikauki, linakaa tu pale lilipotokea. Sasa kwenye hali hiyo orodha ya sare ilisema hivi: shati jeupe, kaptura ya kijivu, tai, soksi za kufika magotini, na sweta ya buluu ya mikono mirefu. Siku zote nimeamini kwamba aliyeiandika orodha ile alikuwa Limuru, mwezi wa Julai, ameketi karibu na jiko. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Sisi kengele ikigongwa kwa nguvu, mlio wake uliangukia majini. Waingereza walituachia shule pamoja na nguo zake kwenye furushi moja, na nadhani hakuna aliyepata nafasi ya kulifungua akachambua.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye suti ya kahawia ya Jumatatu na siku za wageni. Nitasema haki: naye alikuwa akichemka humo humo ndani ya suti yake. "Nidhamu haina msimu," ndio uliokuwa wimbo wake, nasi tulikuwa tukimwigiza kule vyooni kwa sauti ile ile nzito. Paredini sweta haikuvuliwa. Darasani iliweza kuvuliwa baada ya saa nne, tena kwa ruhusa. Aliyeonekana nje ameifunga kiunoni alipiga magoti juani, na enzi zile kiboko kilikuwa bado hakijakatazwa shuleni.

Shati langu lilikuwa moja. Jasho lilikuwa likilila taratibu, na maji ya kisima yakilisaidia jasho. Maji ya bomba, hayo yanayotoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwetu Majengo yalikuja yalipojisikia, kwa hivyo mama alifua kwa ya kisima, na kisima chetu kilikuwa chumvi tupu. Alfajiri ya Jumatatu moja ya Ramadhani ile, baada ya daku, nilikuwa nimejilaza ukumbini nasikia mvuke wa pasi ya makaa. Kisha nikasikia, "Lo!"

Pasi ilikuwa imeondoka na mgongo wote. Haukuungua, ulichanika tu, kitambaa kimechoka kama karatasi iliyolowa.

Idi ilikuwa imebakisha wiki mbili na kidogo. Shati jipya lilikuwa lije na Idi. Kitambaa kilishalipiwa arubuni kwa mwenye duka Biashara Street. Mama hakulalamika. Alichukua makasi akakata kola, akakata na kifua mpaka kifungo cha tatu, vilivyobaki akavitupa kwenye kapu la matambara. Akakaa kwenye cherahani yake ya mkono, akapinda kingo haraka haraka, akashona lastiki mbili za kupita chini ya makwapa. Kulipokucha nilikuwa nimesimama mbele ya kioo. Kwa mbele, tai imefungwa na sweta imevaliwa, ungeniona mwanafunzi kamili. Chini ya sweta nilikuwa mtoto aliyevishwa bibu ya kulishiwa uji.

"Sikiza," mama aliniambia, akinivuta tai. "Sweta haivuliwi. Hata akwambie nani. Waskia?"

"Naskia, mama."

"Hata akwambie nani."

Nilikwenda shule nikiishukuru ile sheria kwa mara ya kwanza maishani. Wenzangu walikuwa wakiilaani njia nzima, kama kawaida yetu, na mimi nilikuwa kimya. Sufu ilinigusa mwili mtupu, inawasha, harara zangu za mgongoni zimeamka zote, na nilikuwa na amani. Shule nzima, watoto zaidi ya mia nne, walikuwa wamefungiwa ndani ya sweta zao kwa amri, na amri hiyo ilinifunika mimi.

Paredi ilichelewa. Kulikuwa na mgeni kutoka ofisi ya elimu na tukaambiwa tumngoje. Skauti walipandisha bendera ikaning'inia kama kitambaa cha jikoni, haina hata pumzi ya kuitikisa. Jua lilipita juu ya paa la mabati likatukuta usoni. Nusu ya waliokuwa pale walikuwa wamefunga, pamoja na walimu, na hakuna mtu aliyekuwa na mate. Nakumbuka shingo ya mwenzangu wa mbele, tone la jasho linashuka kutoka kwenye nywele, linaingia ndani ya kola yake, na mimi nalitazama lile tone kwa wivu kwa sababu lilikuwa linaingia kwenye shati.

Msichana wa darasa la nne alianguka. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kikapu kikitua. Walimu wakambeba. Hata hawajafika naye kivulini, akaanguka wa pili, wa darasa la pili huyu, na paredi ikaanza kuyumba.

Mwalimu mkuu aliitoa leso ya mfukoni akajifuta paji, akaitazama kama haijui, akairudisha. Siku zote alituhutubia kwa Kizungu. Siku hiyo Kizungu kilimwishia.

"Vueni sweta," akasema.

Hatukumwamini. Akarudia kwa sauti: "Wote! Vueni sweta, sasa hivi!"

Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Mikono ilipanda kwa mara moja, uwanja mzima, buluu ikanyanyuka juu ya vichwa na chini yake kukatokea weupe, kama wimbi linapopinduka kwenye mwamba. Watoto walicheka. Nywele zimesimama, masikio mekundu, wengine wamekwama na sweta usoni wakizunguka kama vipofu. Kulikuwa hata na mguno wa raha, mia nne kwa pamoja, aah, na nadhani bendera nayo ilitikisika kidogo, ingawa hilo labda naliongeza.

Na mimi nimesimama nimeushika upindo wa chini wa sweta yangu kwa mikono miwili, nauvuta kuelekea chini.

Kiranja ndiye aliyeniona kwanza. "Wewe! Vua!" Nikatazama mbele. Mwalimu wa zamu akageuka. Watu wa mstari wangu wakageuka. Mkiwa wote mmevaa buluu hakuna anayeonekana, lakini mtu mmoja wa buluu katikati ya weupe anaonekana mpaka ng'ambo ya Likoni. Nikasikia viatu vya mwalimu mkuu kwenye kokoto. Havikuharakisha.

"Mbona wewe huvui?"

Nilikuwa na sekunde moja, na katika sekunde hiyo akili yangu yote ya darasa la sita ilileta jibu moja tu.

"Nasikia baridi, mwalimu."

Mnaweza kuwaza. Kicheko kilianza mstari wa nyuma, kikaja mbele, mpaka walimu wakageuza nyuso. Hata mmoja wa wale walioanguka, naapa, alikuwa amejiinua kwa kiwiko kule kivulini anacheka. Baridi! Mombasa, Machi, saa tatu na robo, kwenye mchanga.

Mwalimu mkuu hakucheka. Aliniinamia. Suti yake ilinuka kama sweta zetu, harufu ile ile. Akanigusa shingo kwa nyuma ya kiganja, kama mama anavyopima homa, kisha kidole chake kikateremka kikagusa ukingo wa kola yangu kisogoni, kikaufuata kwenda chini, mahali ambapo kola huendelea ikawa shati. Yangu haikuendelea. Kidole kikasimama.

Kilikaa pale. Sijui muda gani. Nilikuwa nikitazama kifungo chake cha koti, cha kahawia, kina ufa katikati.

"Huyu ana malaria," akatangaza, kwa sauti ya uwanja mzima. "Mpelekeni kivulini. Na asivuliwe sweta, homa itampanda."

Mpaka leo sijakutana na daktari anayeikubali tiba hiyo.

Yaliyofuata ni haraka haraka. Nililazwa chini ya mti wa mkungu pamoja na waliozimia. Mwalimu wa zamu akaja na sanduku la huduma ya kwanza, na kwa kuwa mwalimu mkuu alishasema malaria, mimi ni nani wa kukataa? Nikapewa klorokwini mbili na maji kwenye kikombe cha bati. Nilikuwa nimefunga. Nilijua sina homa. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, mwongo sikuwahi kusikia kama anayo. Nikanywa. Nikanywa yote, nikaomba mengine, na maji yale yalikuwa na ladha ya kutu na sijanywa maji matamu kama yale tangu hapo. Usiku wake dawa ikaanza kuniwasha mwili mzima, wanaoijua klorokwini wananielewa, nikajikuna mpaka daku juu ya harara nilizokuwa nazo. Mama aliuliza nina nini. Nikasema ni sweta.

Siku ya pili aliniazimia shati la mtoto wa jirani, mikono yake ikanifika vidoleni. Idi ikaja na shati langu. Jumatatu iliyofuata sheria ilirudi kama haikuwahi kuondoka. Mwalimu mkuu hakunisemesha tena hata neno moja, wala sikumwona akinitazama, na mwaka uliofuata alihamishwa. Jina la Baridi ndilo lililobaki. Hata wiki iliyopita, Mwembe Tayari, mtu mzima mwenye ndevu za mvi alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara: "Baridi! Umepoa?"

Miaka mingi nimejiuliza kama aliona. Kuna siku nasema aliona, ndiyo maana akasema asivuliwe. Kuna siku nakumbuka kwamba huko kwao juu mwenye homa hufunikwa blanketi, na huenda maskini aliamini kweli anaokoa mtoto. Sitajua.

Jana kwenye futari nilimuuliza mama. Alikuwa akimenya chungwa.

"Shati gani?" akasema. "Shati lako ulilipoteza mwenyewe, ukicheza mpira Makadara."

"Mama, uliikata kola."

"Kola niliikata ya baba yako, ya kofi la mlango." Sijui kofi la mlango ni nini, na alipoulizwa naye hakujua, tukacheka, akanisukumia kipande cha chungwa.

Sasa kuna karatasi mezani kwangu. Mzazi mmoja anakusanya sahihi ili sweta iondolewe kabisa muhula wa kwanza, na Jumamosi saa nne tuna mkutano. Ni karatasi ya haki. Kila ilichosema ni kweli: joto, harara, watoto wanaosinzia darasani, bei. Mtu mwenye akili anaitia sahihi amesimama. Nimeikalia siku ya tatu. Kila nikishika kalamu naziona zile sweta zikipanda juu ya vichwa, halafu nawaza ujinga: ni nani safari hii ameushika upindo kwa mikono miwili?

Mke wangu ananiambia watoto wa siku hizi wana mashati.

Huenda. Jana usiku kila mtu amelala nilikwenda kwenye kamba ya nguo nikachukua shati la kijana, nikalinyoosha mbele ya taa ya ukumbini. Kola ni imara, kifua kizuri. Nikatia mkono ndani, nikautandaza mgongoni. Vidole vyangu nilivihesabu vyote vitano.