Nilivyoongeza valvu kwenye mfumo wangu wa muziki nyumbani

Marehemu baba aliniachia kreti mbili za santuri, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye tundu kubwa katikati, za Morogoro Jazz, Super Volcano na bendi nyingine za enzi hizo. Kwa miaka mingi nimezipiga kwa amplifaya ya transista ya Kijapani iliyokuwa yake, pamoja na spika mbili za rafuni nilizonunua mwenyewe baadaye. Sauti ilikuwa safi, ila nilipoketi muda mrefu nilihisi ukali kwenye matoazi na saksafoni, na nilikumbuka redio ya babu ya valvu, yaani zile chupa za kioo zilizokuwa zikikuza mawimbi kabla ya transista, ambayo ilichukua muda kuamka lakini ikianza kusema, msomaji wa taarifa ya habari alikuwa kana kwamba yumo chumbani. Ndipo nikaazimia kuingiza valvu katika mfumo huu bila kuutupa ule wa baba.

Wazo la kwanza lilikuwa kununua amplifaya nzima ya valvu, na nashukuru kwamba nilipiga hesabu kabla ya kulipa. Jozi ya valvu za EL84 kwa kila upande hutoa wati kumi na kitu, na spika zangu zimeandikwa desibeli 87, yaani si spika zinazoitika kwa nguvu kidogo. Juu ya hayo, amplifaya ya namna hiyo haiwezi kuunganishwa na spika moja kwa moja; inahitaji transfoma za kutolea sauti, ambazo ni nzito, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya bei. Kwa hiyo niliamua kuiachia transista kazi ya kusukuma spika, na valvu niiweke mahali ambapo mawimbi bado ni madogo, kwenye hatua ya awali. Mdogo wangu anayeishi Marekani alinitafutia priampu, yaani kifaa cha hatua hiyo ya awali, iliyotumika, yenye valvu mbili za 12AU7, ambazo Wazungu wa Ulaya huziita ECC82, moja kwa kila upande. Niliipendea pia kwamba valvu hiyo haikuzi kupita kiasi: kipimo chake cha ukuzaji kinakaribia 20, wakati ndugu yake 12AX7 hufika 100.

Kilipofika, nilikuwa na hamu kubwa ya kukichomeka usiku uleule, lakini nikajizuia na kesho yake nikakipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja aliyetengeneza redio tangu zama za valvu. Baada ya shikamoo na marahaba alikigeuza, akasoma kibati cha nyuma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeshakiwasha hiki?" Nilipojibu bado, akasema, "Alhamdulillahi," na kunionyesha kwa kidole: volti 115. Umeme wetu ni volti 230. Ningekichomeka, kila kitu ndani yake kingepokea maradufu, na kama fyuzi isingewahi, transfoma na valvu vingeungua pamoja.

Bahati ilikuwa kwamba transfoma yake ina nyuzi mbili za kupokelea umeme, kila moja ya volti 115, zilizokuwa zimeungwa sambamba. Mzee alizilehemu upya zifuatane, hivi kwamba volti 230 zigawanyike sawa kati yake, akabadilisha fyuzi kutoka nusu ampea hadi robo ampea, kwa sababu volti zikizidi mara mbili mkondo hupungua kwa nusu, na akaandika "230" kwa kalamu ya wino juu ya kile kibati. Kisha akakiwasha bila valvu, akapima, akazima, akachomoa waya, na kuniita niangalie mita. Waya wa umeme ulikuwa umelala mezani, lakini ndani ya kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme, bado mlikuwa na zaidi ya volti 200. Alizitoa taratibu kwa kugusisha rezista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, huku mkono wake wa kushoto ukiwa nyuma ya mgongo muda wote. Ninaeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tumezoea kufungua vifaa vya transista na kuvigusagusa. Kifaa cha valvu hakifunguliwi hivyo, hata kikiwa kimechomolewa.

Kuunganisha kulinitaka nifikiri kidogo. Nyuma ya amplifaya ya baba kuna vijiti viwili vya chuma vyenye umbo la U, vinavyounganisha sehemu ya awali na sehemu ya nguvu, na nilipovichomoa amplifaya ikagawanyika mara mbili. Kwanza nilipitisha mawimbi kutoka sehemu ya awali, yakaingia kwenye valvu, yakarudi kwenye sehemu ya nguvu. Ikafanya kazi, lakini nilikuwa na vitufe viwili vya sauti vinavyovutana, na mchemko mdogo ulisikika hata pasipo muziki. Mzee ndiye aliyenielekeza nichukue mawimbi kutoka kwenye tundu la kurekodia kanda, ambalo liko kabla ya kitufe cha sauti cha amplifaya. Sasa mawimbi ya santuri hukuzwa kwanza na sehemu yake maalumu ndani ya amplifaya, hutokea kwenye tundu la kanda, huingia kwenye priampu ya valvu, hurudi kwenye sehemu ya nguvu, na kitufe cha priampu ndicho pekee kinachopandisha na kushusha sauti. Ule mchemko ulitoweka. Utaratibu wangu wa kuwasha ni lazima ufuatwe: kitufe kinashushwa hadi mwisho, valvu zinawashwa na kupewa dakika moja zipate moto, ndipo amplifaya inawashwa, wakati wa kuzima, amplifaya hutangulia. Asiyefuata hivyo atasikia kishindo kwenye spika, na kishindo kikirudiwa huziumiza.

Ukabaki mvumo. Ulikuwa wa chini, usiobadilika nilipozungusha kitufe, na ulinisumbua wiki nzima. Rafiki mmoja alinishauri nivunje pini ya ethi kwenye plagi, na hilo nililikataa kabisa, kwa kuwa kasha la priampu ni la chuma na ndani yake mna volti zinazoweza kuua. Ethi ndiyo inayomlinda mtoto atakayeligusa siku ambayo waya utalegea. Badala yake nilichomoa kifaa kimoja baada ya kingine, na nilipofungua waya wa dishi kwenye king'amuzi cha televisheni, ambayo sauti yake pia hupitia mfumo huu, mvumo ukakatika papo hapo. Dishi limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, priampu ina ethi yake ukutani, na kati ya ardhi hizo mbili mkondo mdogo ulikuwa ukipita katika waya za sauti. Nilinunua kebo ya nyuzi za mwanga na kigeuzi kidogo cha kidijitali, nikatoa sauti ya televisheni kwa njia hiyo, na kwa kuwa mwanga haubebi umeme, mzunguko ule ukakatika.

Na sauti? Sitaki kumdanganya mtu kwamba ni santuri mpya. Mikwaruzo ya sahani za baba ipo palepale, na besi haikuongezeka. Kilichobadilika ni katikati: sauti ya Mbaraka Mwinshehe imenenepa kidogo, gitaa lake limepata mwili, na ule ukali wa matoazi umelainika. Valvu huongeza kwenye kila noti kivuli chake kilicho oktava moja juu, kwa kiasi kidogo sana, na sikio hulipokea hilo kama utajiri wa sauti kuliko kama kasoro. Mama alipita sebuleni na kapu la mboga, akasimama hadi upande wa sahani ukaisha, kisha akaniambia nigeuze.

Miezi kadhaa baadaye upande wa kushoto ulianza kutoa milio kama ya mafuta ya moto. Nilizibadilishana valvu, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na milio ikahamia kulia, kwa hiyo nikajua kosa ni la valvu, si la saketi. Nilipoigonga polepole kwa kifutio cha penseli, spika ilitoa mlio wa kengele. Niliagiza jozi mpya iliyotengenezwa Slovakia, nikasafisha pini za soketi zilizokuwa zimeshika kutu kwa unyevunyevu wetu, na matundu ya juu ya kasha nikayafunika kwa wavu mwembamba wa chuma unaopitisha joto, maana nilipofungua nilikuta mende wawili wamejilaza pale penye uvuguvugu. Ile valvu nzima iliyobaki nimeihifadhi ndani ya kopo pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu; doa lake la fedha kwenye kioo bado linang'aa, ishara kwamba hewa haijaingia.